Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Gedi: mji huu usomwe kwa miguu

Kwa waheshimiwa wenye dhamana ya malikale, katika serikali ya taifa na ya Kaunti ya Kilifi, na kwa kila afisa anayeshika funguo za Gedi.

YAH: NJIA YA WAGENI KABLA YA JENGO JIPYA

Salamu za heshima ziwafikie.

Tunaowaandikia ni watembezaji wageni, mafundi wa chokaa na walimu wa historia wa pwani hii. Julai 2024 Gedi, magofu ya mji wa kale wa Waswahili hapa Kilifi, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, ikazifuata Lamu ya mwaka 2001, makaya (misitu mitakatifu) ya Wamijikenda ya 2008 na Ngome ya Yesu ya 2011. Jina likishaingia humo, wageni hutarajiwa kuongezeka na wafadhili hubisha hodi. Pesa zikionekana, jicho hukimbilia jengo: lango jipya, mkahawa, ukumbi wa mikutano. Ombi letu ni kwamba shilingi za kwanza ziende kwenye njia ya kutembelea. Itengenezwe kilomita moja tu, lakini itengenezwe sawasawa, na maonyesho ya makumbusho yafungwe kwenye njia hiyo. Tunaeleza kwa vipimo ili anayeandaa makadirio apate pa kuanzia.

Gedi ina bahati ambayo magofu mengine ya Waswahili hayana. Kilwa Kisiwani hufiki bila chombo cha baharini. Takwa, kisiwani Manda, vivyo hivyo, tena huna budi kuangalia kupwa na kujaa kwa maji. Gedi iko bara, karibu na barabara ya Mombasa–Malindi ukikata kwenda Watamu. Ardhi yake ni tambarare na sehemu kubwa ya matembezi iko kivulini. Ndani ya ukuta wa nje mna ekari kama 45, na aliye na mwendo wa pole anamaliza sehemu kuu kwa saa moja na nusu hadi mbili. Bibi wa miaka 75, mtoto wa darasa la kwanza, mtu wa kiti cha magurudumu, wote wangeweza kuuona mji wa karne ya 15 kwa siku moja na watu wao. Si pengi Afrika Mashariki ambapo hilo linawezekana, na kinachohitajika ni ardhi ya kukanyaga iliyotengenezwa kwa akili.

Tuanze na mpangilio, maana huo hauna gharama. Kila mgeni aanzie jumba la makumbusho ndipo aende kwenye magofu. Anayekwenda magofuni kwanza huona kuta tu, na akirudi makumbusho akiwa amechoka, huyapitia makabati kwa dakika tano. Sababu ya ndani zaidi ni majina. James Kirkman, aliyechimba hapa kuanzia 1948 hadi 1958, alizipa nyumba majina ya vitu vilivyofukuliwa ndani yake: Nyumba ya Makasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Bakuli la Kauri. Asiyeyaona makasi kwanza, akisimama kwenye Nyumba ya Makasi hana la kushika. Kwa hiyo kila kitu kilicho kabatini kipewe namba, na namba ile ile iwekwe kwenye kibao cha nyumba kilikotoka. Mbele ya nyumba iwekwe nakala ya kitu chenyewe. Makasi anaweza kuyafua mhunzi wa hapa hapa kwa kuangalia kipimo. Bakuli linaweza kufinyangwa. Nakala ifungwe kwa mnyororo mfupi kwenye nguzo ya kibao, watoto waishike, na asiyeona aipapase.

Hapo kuna mtego wa lugha ambao aliyeandika majina kwa Kiingereza hakukutana nao. Neno kauri kwetu lina maana mbili: yale makombe madogo ya baharini yaliyokuwa yakitumika kama pesa na mapambo, na pia vyombo vya udongo mweupe wa Kichina. Kibao kikisema "Nyumba ya Kauri" na cha pili "Nyumba ya Bakuli la Kauri", mwanafunzi atadhani nyumba zote mbili zilikuwa na vyombo vya Uchina. Tunapendekeza Nyumba ya Kauri za Pwani na Nyumba ya Bakuli la Kichina. Linaonekana jambo dogo, lakini ndiyo tofauti ya mtoto anayeondoka akijua kwamba bidhaa ya baharini kwetu na bidhaa ya mbali zilikutana mtaa mmoja, na yule anayeondoka akidhani kila kitu kililetwa.

Ndani ya makabati kuna kosa ambalo pwani hulipwa kwa haraka, nalo ni kuweka chuma na pembe katika kioo kimoja kwa sababu vinapendeza pamoja. Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Chuma cha kale kinataka hewa kavu, unyevu wa chini ya asilimia 40, vinginevyo kutu hufumuka kutoka ndani na kitu hubanduka magamba. Pembe ya ndovu ikikaushwa kiasi hicho hupasuka. Yenyewe inataka unyevu wa asilimia 45 hadi 55 usiopandapanda. Vitengwe. Kabati la chuma liwe na mpira wa kuziba mlango, trei ya vipakiti vya silika, chembe zinazofyonza unyevu, chini ya sakafu ya uongo, na kipimaunyevu kidogo kinachosomeka kupitia kioo. Mlinzi aandike namba yake kila asubuhi daftarini. Silika ikishajaa maji, hukaushwa kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 saa kadhaa, ikarudi kazini. Silika isiyokaushwa haifanyi kazi yoyote. Ni mchanga tu ndani ya kitambaa. Pia kabati lolote lisipigwe na jua la dirishani. Kipande cha nguo au karatasi ya maelezo kikianza kupauka, rangi hairudi.

Sasa njia yenyewe.

Upana uwe mita 1.5. Kiti cha magurudumu kinapita na mtu akasimama kando. Ikiwa chini ya mita 1.2 mmoja wao hulazimika kutoka njiani, na akitoka hukanyaga msingi wa ukuta. Mwinuko usizidi sentimita 5 kwa kila mita moja ya kwenda. Njia iinamishwe kidogo upande mmoja, sentimita 3 kutoka ukingo hadi ukingo, na daima iinamie mbali na ukuta ulio karibu. Ukingo wake ukae angalau mita moja kutoka kuta zote, kwa sababu matone ya mvua yakipiga ardhi ngumu huruka na kulowesha sehemu ya chini ya plasta, na palipolowa mara kwa mara ndipo chumvi hujikusanya na kuila.

Kuhusu kuchimba, tunasisitiza: msichimbe. Fundi wa barabara huzoea kuanza kwa kutoa sentimita 20 za udongo apate kitanda. Gedi, sentimita 20 hizo ndimo vilimo vigae, shanga na sakafu za zamani. Njia ijengwe kwa kupanda juu. Fagia majani, tandika kitambaa cha jiotekstaili, kila kipande kimpande mwenzake kwa sentimita 30, kisha mwaga changarawe. Kitambaa hicho huzuia changarawe isizame kwenye udongo wa msitu, na siku watafiti wakihitaji kuchimba pale, wataifunua ardhi ya kale waikute kama ilivyoachwa. Tunataka mtaalamu wa akiolojia awepo kila siku ya kazi, si siku ya kukata utepe peke yake.

Changarawe iliyo bora ni ya mawe ya matumbawe kutoka machimbo yenye leseni, mawe yasizidi milimita 20, pamoja na unga wake. Msiuchekeche unga ule, maana ndio gundi. Mwageni tabaka mbili. Kila tabaka limwagwe kwa unene wa sentimita 6 na nusu, linyunyiziwe maji hadi konzi yake ukiibana inashikana bila kulowesha kiganja, kisha lishindiliwe hadi libaki sentimita 5. Tabaka moja nene la sentimita 13 hushindilika juu tu, na baada ya masika ya kwanza hubonyea katikati likawa mfereji. Mashine ya kushindilia isitumike karibu na kuta kwa sababu ya mtikisiko. Mita tatu za mwisho kabla ya ukuta mtumie kishindilio cha mkono.

Hesabu ya kilomita moja ni hii. Mita 1,000 kwa 1.5 kwa sentimita 10 ni mita za ujazo 150 zilizoshindiliwa. Ongezeni asilimia 30 kwa ajili ya kushindilia, mnapata 195. Lori dogo linalobeba mita za ujazo 5 litakwenda safari 39, na lisiingie ndani hata mara moja. Limwage nje ya lango. Kutoka hapo ni toroli. Toroli la lita 60 litafanya safari 3,250. Watu kumi, kila mmoja safari 20 kwa siku, wanamaliza kwa siku 16 au 17. Hiyo ni ajira ya vijana wa kijiji jirani cha Gede kwa zaidi ya wiki mbili, na ni kazi ambayo hakuna mtambo unaoweza kuifanya bila kuvunja kitu.

Mtaambiwa mwage zege, idumu. Zege chini ya msitu haidumu. Mizizi huinyanyua na kuipasua, na ufa wa sentimita 2 unatosha kumkwaza mzee. Kivulini hufunikwa na utelezi wa kijani. Mvua ikinyesha zege hainywi tone, maji yote hutupwa kando kwa nguvu, na kando ndiko ziliko kuta. Tena siku mkitaka kuiondoa mtatumia nyundo ya mashine juu ya mji wa miaka mia sita. Changarawe ikiharibika inatengenezwa kwa reki, ndoo ya maji na kishindilio, saa moja, watu wawili.

Pale mizizi inapokatiza njia, msiikate. Pandisheni njia ipite juu yake kwa mteremko mrefu, hata ukichukua mita nne kila upande. Mti mkubwa uliokatwa mizizi upande mmoja ni mti utakaoanguka, na Gedi mti ukianguka haukosi ukuta. Ukingo wa njia wekeni mawe makavu bila saruji. Boriti hupendeza mwaka wa kwanza, kisha mchwa humaliza kazi. Viti viwekwe kila baada ya mita 100, urefu wa kukalia sentimita 45, viwe na mikono ya kushika, kwa sababu mwenye magoti mabovu tatizo lake ni kuinuka. Kila kimojawapo kipewe kiwanja cha mita 2 kwa 2 pembeni, ili kiti cha magurudumu nacho kikae pamoja na wenzake. Vyoo na maji ya kunywa vibaki langoni, na watembezaji wawe na desturi ya kuwaambia wageni kabla ya kuanza, kwa kuwa saa mbili ni ndefu kwa mtoto na kwa mzee.

Vibao. Kibao kisichosomwa ni kuni. Maneno yasizidi 80. Herufi za maelezo ziwe na kimo kisichopungua milimita 8, za kichwa sentimita 2. Kibao kiinamishwe nusu, nyuzi 45, ukingo wake wa chini uwe sentimita 75 kutoka ardhini, hapo mtoto na aliyekaa kitini wote wanasoma. Kiswahili kitangulie, kifuate Kigiriama, kisha Kiingereza. Rangi nyekundu na njano hufa kwanza kwenye jua la pwani, kwa hiyo ramani isitegemee nyekundu kuonyesha "uko hapa". Tumieni alama nyeusi yenye umbo. Nguzo isichimbiwe: isimame juu ya bamba zito lililolazwa. Wala kibao kisipigiliwe misumari kwenye mti au ukuta, hata kama msumari ni mmoja.

Yaliyomo kwenye vibao yanahitaji ujasiri kidogo. Chukueni lile kaburi lenye tarehe, karibu na mahali mgeni anapoanzia. Limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 kwa hesabu ya miladia. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498. Mwalimu akiwaambia watoto watoe, watapata miaka 99: mtu huyu alizikwa na kuandikiwa jiwe karibu karne nzima kabla ya Mreno wa kwanza kutia nanga Malindi. Toa ile ni somo zima la historia, na kibao kinaweza kuiacha wazi, mtoto aifanye mwenyewe. Karibu na hapo liko kaburi la mnara wenye mifereji ya kuchongwa. Hapo mgeni apatiwe pa kusimama kwa umbali wa kutosha aone kimo chote, kwa kuwa ukilisogelea sana unaona chokaa tu.

Msikiti Mkuu nao una kitu ambacho wengi hukipita wakiwa wameinamisha vichwa kutazama wanapokanyaga. Juu ya mlango wa mashariki umechongwa mkuki wenye bapa pana. Mkuki ni alama ya watu wa bara hii, uko kwenye mlango wa msikiti, katika mji ambao vitabu vya zamani viliusimulia kama koloni la Waarabu. Fundi aliyeuchonga amejibu hoja hiyo bila maneno. Kibao kiwe upande ule, kimwambie mgeni asimame na ainue macho. Hapo hapo msikitini, mahali pa kutawadhia na kisima vionyeshwe kama sehemu ya mwendo mmoja: maji yanavutwa, yanamwagwa birikani, mtu ananawa, anaosha miguu, anaingia. Kisima kifunikwe kwa wavu wa chuma kisichoshika kutu, uzito wake usiinuliwe na mtoto, matundu yake yaruhusu jicho kutazama chini.

Kwenye nyumba na kwenye ikulu ya mfalme kuna vyoo, na hatuoni haya kusema kwamba ndivyo vinavyowagusa watoto kuliko mapambo. Shimo, mahali pa kutawazia kando yake, mfereji wa kutoa maji. Mtoto akielewa kwamba mwenye nyumba wa karne ya 15 alijisafisha kwa maji chooni kama afanyavyo babu yake Malindi leo, mji hausimami tena kama hadithi ya watu wengine. Hapo msiweke maelezo marefu. Mchoro wa mtu aliyebeba kata ya maji unatosha.

Lakini kuna watu ambao njia ya sasa ya kusimulia magofu, Gedi na kwingineko pwani, huwasahau, na hapa ndipo tunapoomba zaidi. Nyumba za mawe zilikuwa za wachache. Watu wengi wa mji waliishi katika nyumba za kukandika, miti na udongo na paa la majani, na eneo kati ya ukuta wa ndani na ukuta wa nje lilikuwa lao. Hazikuacha kuta, kwa hiyo mgeni anaambiwa "hapa hakuna kitu, twendeni". Njia ya kilomita moja isiishie kwenye ikulu na msikiti. Itoke kwenye ukuta wa ndani, ivuke eneo hilo hadi ukuta wa nje, ndipo irudi. Katikati yake wekeni kituo kimoja chenye maelezo ya nani alikaa pale: mfinyanzi, mvuvi, mkulima, mtumwa, mwuza kuni. Msijenge juu ya ardhi ile. Nyumba ya mfano ijengwe nje, jirani na lango, kwa boriti, fito, kamba, udongo na makuti, na mafundi wawe wanakijiji wanaojua kazi hiyo. Nyumba ya kukandika inataka kukandikwa upya baada ya mvua, na makuti hubadilishwa baada ya miaka michache. Mtu asiuite huo kuwa mzigo wa matengenezo. Siku ya kukandika ndiyo siku bora ya kualika shule, kwa kuwa mtoto anapopaka udongo kwa kiganja anaelewa kwa nini nyumba ya babu yake wa miaka mia tano iliyopita haikubaki.

Na swali la kwa nini mji ulihamwa karne ya 17 liachwe wazi kibaoni. Wataalamu wanataja visima kukauka, uvamizi, mabadiliko ya biashara. Wareno walikaa Malindi karibu na hapa kwa muda mrefu na maandishi yao hayautaji mji huu. Andikeni hivyo hivyo, kwamba ni sababu zinazopimwa. Mgeni hapungukiwi na chochote akiambiwa ukweli kwamba jambo bado linachunguzwa.

Tugeukie mawe, maana njia nzuri huleta watu wengi, na watu wengi ni uzito. Ukuta wa Gedi una ngozi mbili na moyo. Ngozi ni plasta ya chokaa na mawe yaliyopangwa, moyo ni vipande vya matumbawe vilivyoshikwa kwa chokaa. Mahali dhaifu ni juu. Mtoto mmoja akipanda apigwe picha, kile kifuniko cha juu kikalegea, mvua huingia moyoni, huyeyusha chokaa na kuitoa kidogo kidogo. Ukuta huvimba tumbo mwaka wa pili au wa tatu, kisha siku isiyo na mvua wala upepo unalala chini. Ndiyo maana kumkataza mtu kupanda bila kumweleza sababu hakufai. Mtembezaji aonyeshe ukuta uliovimba, aseme umevimba kwa nini.

Kutengeneza ni kwa chokaa, saruji isiguse. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu, hivyo maji hunaswa nyuma yake, na jiwe la asili humong'onyoka huku kiraka kikibaki kinang'aa. Chokaa izimwe kwa maji na iachwe pipani imefunikwa kwa wiki nyingi. Miezi mitatu ni bora zaidi. Uwiano ni chokaa moja kwa mchanga tatu. Mchanga uwe wa mto, uliooshwa. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi ndiyo adui tunayemkimbia. Jiwe linyunyiziwe maji kabla ya kupakwa, maana jiwe kavu hunyonya maji ya chokaa ikabaki unga. Baada ya kupaka, funikeni kwa gunia lililoloweshwa siku saba. Kazi hii isifanywe katikati ya masika, wala chini ya jua kali la kaskazi bila kivuli. Mafundi wanaoijua ni wachache na wengi wao ni wazee, na kila mmoja apewe vijana wawili wa kufuatana naye kwa malipo. Kuwaita vijana "wanagenzi" na kuwalipa nauli hakujaza tumbo.

Miche ya miti inayoota juu ya kuta ing'olewe ikiwa bado nyembamba kuliko kidole. Mzizi ukishakuwa mnene usivutwe, utatoka na ukuta. Ukatwe usawa wa jiwe, uachwe ufe, tundu lijazwe chokaa. Lakini msifyeke msitu ili kuokoa mawe. Msitu huu ndio kivuli cha njia, na wazee wa Kigiriama wanauheshimu kwa sababu ambazo zinastahili kuulizwa kabla ya panga kuinuliwa. Pia humo yumo sange, mnyama mdogo wa pua ndefu, mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, anayepatikana hasa katika msitu wa Arabuko-Sokoke na mabaki ya misitu ya jirani kama huu. Yeye hujenga kiota chake kwa majani makavu chini ya miti. Kwa hiyo fagio lisafishe mita 1.5 za njia na lisivuke ukingo. Mfanyakazi anayefagia msitu mzima uwe mweupe kama kiwanja cha harusi anamvunjia sange nyumba.

Kima nao ni suala la chakula. Mgeni akiwapa ndizi leo, kesho kima atamnyang'anya mtoto mkoba. Chakula kisivuke lango, mapipa yawe na vifuniko vya komeo, na mtembezaji asitumie ndizi kuwaita ili apate bakshishi. Tunajiambia hilo sisi wenyewe pia.

Shule ndizo zitakazoilemea njia zaidi. Basi moja la wanafunzi 45 likiingia Nyumba ya Makasi kwa pamoja, mabega yao yatakwangua plasta na hakuna atakayesikia. Wagawanywe makundi matatu ya 15, yaanze kwa kupishana dakika 20. Wanaongoja wapite chooni, wanywe maji, wachore kitu kimoja kutoka kabatini, kisha kila mmoja atafute nyumba ya mchoro wake. Ndani ya chumba waingie wanane kwa mara moja. Shule zihimizwe kuja saa mbili hadi saa nne asubuhi, kabla joto halijapanda.

Tukisema pa kuanzia, ni bure kabisa. Mvua kubwa ya kwanza ya masika ikinyesha, mtumeni mtu mmoja mwenye koti la mvua, rula na vigingi 50 vyenye namba. Nusu saa baada ya mvua kuanza, atembee njia nzima kutoka lango hadi ukuta wa nje. Kila panapotuama maji asimamishe kigingi juu ya ardhi kwa msingi wa jiwe, bila kuchoma udongo, apime kina, apige picha inayoonyesha ukuta ulio karibu na upande maji yanakokwenda. Arudi tena siku ya pili asubuhi aandike ni vigingi vipi bado vina maji. Hivyo vya siku ya pili ndivyo vya kushughulikiwa kwanza, na penye kigingi kilicho chini ya mita moja kutoka ukuta pasisubiri bajeti ya mwaka ujao. Tuko tayari kutembea na mtu huyo, watatu wetu kwa zamu, siku yoyote mtakayotuita.

Wenu katika kazi,

Watembezaji wageni, mafundi wa chokaa na walimu wa historia wa pwani